Suluhu ya Pili

Siku ya suluhu, nyumba ya Mwinjuma pale Temeke ilifukizwa udi mpaka uani. Baraza ya mbele ilitandikwa majamvi. Wazee wa mtaa walikaa upande mmoja, jamaa wa Kihaya waliofuatana na Wilbert Kamugisha wakakaa upande wa pili, na katikati, juu ya kiti kilichoazimwa kwa jirani, akakaa Bi Hija binti Fakihi, kanga mpya mwilini na tambuu mdomoni. Mwanamke kukaa katikati ya wanaume namna ile halikuwa jambo la kila siku. Lakini Bi Hija alikuwa kiongozi wa chama cha ngoma ya lelemama, mwenye nyumba zake mwenyewe na sauti yake mwenyewe, na katika mtaa ule hapakuwa na ugomvi uliopita mikononi mwake ukafika barazani kwa Liwali. Watu walimsifu kwa hilo, naye alipenda kusifiwa.

Tekla, mke wa Kamugisha, alikaa nyuma ya mumewe. Binti yake Kokushubila alikuwa amemlalia mapajani, jicho la kushoto limefunikwa kitambaa cheupe cha hospitali. Chini ya kile kitambaa hapakuwa na jicho tena.

Ilikuwa hivi. Kamugisha alikuwa karani katika kampuni moja ya Wazungu karibu na bandari, na yeye na mkewe walipanga chumba cha nyuma katika nyumba ya Mwinjuma. Mwinjuma, mkewe Tunu na watoto wao walikaa vyumba vya mbele. Siku moja mchana Mwanaasha, binti mkubwa wa Mwinjuma, alirusha kijiti kuangusha kungu katika mti ulioota nyuma ya choo. Kijiti kikagonga tawi, kikarudi, kikamkuta Koku ametazama juu. Tekla hakuwapo. Alikuwa amekwenda Kinondoni kumtazama Margareta, mtu wa kwao Bukoba, aliyekuwa amejifungua karibuni. Aliporudi jioni, Tunu alimwambia mtoto kajigonga kidogo, kaoshwa, katiwa matone ya maziwa ya kifuani, maana Tunu alikuwa akinyonyesha, na sasa kalala. Tekla akamshukuru. Kulipokucha, uso wa mtoto ulikuwa umevimba hata haufahamiki. Mjini, daktari alimchungulia Koku kwa kurunzi yake ndogo, akasema, "Mngemleta jana mchana..." kisha akaenda kunawa mikono.

"Haya, mmesikia yote," alisema Bi Hija pale barazani. "Mtoto karusha kijiti, hakumkusudia mwenziwe. Tunu, una la kusema?"

Tunu alikuwa ameinamisha kichwa, kanga imemfunika mpaka kwenye paji la uso. "Sina, Bi Hija. Kosa langu. Mtoto aliachwa mikononi mwangu. Namwomba Mama Koku anisamehe."

"Baba Koku?"

Kamugisha aliinuka. Alikuwa amevaa kaptula yake nyeupe ya kazini na soksi ndefu, na alizungumza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Mimi nilikuwa nimekusudia kwenda kwa Liwali! Hilo mlijue. Mtoto ni wa kike, ataolewa na nani na jicho moja? Lakini kwa heshima ya wazee hawa, na ya mama huyu, nimekubali tuyamalize."

Mwinjuma naye akatamka mbele ya watu kwamba Bwana Karani na mkewe wasilipe kodi ya chumba mpaka mwaka uishe. Wazee wakatikisa vichwa kwa ridhaa. Fatiha ikasomwa, Wahaya wakainamisha vichwa vyao kwa adabu, halua ikazungushwa. Bi Hija akaushika mkono wa Tekla akautia katika mkono wa Tunu. Mkono wa Tunu ulikuwa wa baridi. Tekla alitazamia mwanamke yule amwangalie usoni. Badala yake Tunu alimtupia jicho Kamugisha, mara moja tu, kisha akatazama chini.

"Yamekwisha," alisema Bi Hija. Watu wakampongeza.

Tekla aliingia chumbani kwake, akamlaza mtoto. Ile halua ilimkaa kooni, haishuki wala haipandi.

*

Kabla ya hapo Tekla na Tunu walikuwa wakigombana kila siku ya Mungu. Waligombania kamba ya kuanikia nguo, waligombania nani kamwaga majivu uani, waligombania kuku wa Tunu aliyezoea kutaga chini ya kitanda cha Tekla na yai ni la nani. Wakishachoka hukaa wakasukana nywele. Mwaka ule Malkia alipotawazwa na watu wakaitwa kwenda kutazama gwaride, walikwenda pamoja, wakarudi wamenuniana kwa sababu ya mwamvuli, na kesho yake wakapika pamoja.

Baada ya suluhu, hapakuwa na ugomvi hata mmoja.

"Tangulia, Mama Koku," alisema Tunu penye bomba la mtaa.

"Ahsante, tangulia wewe."

"La, umekuja mwanzo."

"Haidhuru."

Wakasimama hivyo, ndoo mikononi, mpaka mtu wa tatu akapita katikati yao akakinga maji. Yule kuku alitaga chini ya kitanda, Tekla akalichukua yai, akaliweka mlangoni kwa Tunu bila neno, na Tunu hakulichukua. Lilikaa pale mpaka likakanyagwa.

Sokoni watu walimpa Tekla hongera. Mwanamke mmoja muuza mbaazi alimwambia kwa kicheko, "Nyie mna bahati yenu! Sie wengine twalipa kodi, nyie mwakaa bure." Tekla alirudi njia nzima akijiambia neno moja: jicho la mwanangu limekuwa kodi ya chumba. Alipofika alimwambia mumewe alilipe deni la chumba wasidaiwe na mtu. Kamugisha akamjibu kwamba jambo lilikwishasemwa mbele ya wazee, kulirudia ni kuwavunjia heshima. Siku hizi kila jambo alilijibu hivyo, upesi na kwa ukali, kisha akatafuta kofia yake akatoka.

Wa kuhuzunisha zaidi walikuwa wale mabinti wawili. Mwanaasha alikuwa amekwishapigwa na baba yake kwa mkanda siku ileile ya hospitali, na tangu hapo akimwona Koku anatokea mlango huu, yeye hutokea mlango wa pili. Koku akabaki uani peke yake, akicheza komwe mkono wa kulia dhidi ya mkono wa kushoto.

*

Siku moja ya Ijumaa, alasiri, Bi Hija alikuja na wageni. Walikuwa wanawake wawili wa chama cha lelemama cha upande wa Kariakoo, wamejipamba. Bi Hija aliwaingiza mpaka uani, uso umemchangamka.

"Hii ndiyo nyumba niliyowaambia. Huyu ndiye Mama Koku, na yule pale ndiye Tunu. Mtoto katoka jicho, jamani, jicho! Na mnawaona wanavyoishi. Tunu, si mnaishi vizuri?"

"Alhamdulillahi, Bi Hija. Tunaishi vizuri."

"Mama Koku?"

Tekla alikuwa akichambua mchele. Aliutua ungo chini, akaondoka alipokaa, akafuta mikono.

"Shikamoo, Bi Hija."

"Marahaba, mwanangu."

"Wageni umewaonyesha nyumba, umewaonyesha na sie. Waonyeshe na hili." Akamvuta Koku kwake taratibu na kumwondolea kitambaa usoni.

Mmoja wa wageni alijishika mdomo. Mwingine akageuka ukutani. Koku alisimama wima, jicho lake moja likiwatazama watu wazima mmoja baada ya mmoja, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa bila ya kuambiwa kakosa nini. Tekla alipoona hivyo aliona haya kwa kumtumia mtoto wake namna ile, akamfunika haraka, akamkumbatia.

Macho ya Bi Hija yalizunguka uani. Aliyaona majiko mawili yaliyowekwa mbalimbali, moja kona hii na moja kona ile, wakati zamani yalikuwa bega kwa bega. Aliona jinsi Mwanaasha alivyojibana nyuma ya mlango wa choo. Aliona Tunu akilia bila kutoa sauti. Akawachukua wageni wake, akaondoka bila hata kuaga.

"Umemwaibisha mama wa watu," alisema Kamugisha jioni alipohadithiwa.

"Ndiyo," alijibu Tekla. "Nimemwaibisha."

Alidhani Bi Hija hatatia tena mguu katika nyumba ile, na kusema kweli hakujali.

*

Alikuja kesho yake asubuhi, peke yake, na kanga za kushindia. Hakupitia mlango wa mbele. Alizungukia uani, akakiinamisha kinu kilichokuwa karibu na jiko la Tekla, akakikalia.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema. "Kupata radhi si lazima. Nimekuja kuomba tu."

Tekla aliendelea kupuliza moto.

"Mie nilipatanisha baraza," alisema Bi Hija. "Wazee waliondoka wamepatana, jamaa zako waliondoka wamepatana, na mie nilikwenda zangu nimepatana na sifa zangu. Nyie wenye ugomvi sikuwapatanisha. Jana nilikosa usingizi. Nikajiuliza, hivi nilimuuliza yule mama anataka nini? Nikakumbuka sikukuuliza. Nilimuuliza mumeo."

Moto ulishika. Tekla akajifuta machozi ya moshi, kama yalikuwa ya moshi.

"Unataka nini, mwanangu?"

Hakuwa ameulizwa hivyo na mtu yeyote, si padri, si mumewe, wala Margareta. Alikaa kitako palepale chini.

"Nataka kujua," alisema. "Siku ile mchana kutwa mwanangu alikuwa na jicho limepasuka. Nani alimwona? Nani alisema nini? Kila mtu ananiambia kosa langu, kosa langu, nisamehe. Nisamehe nini? Tunu namjua. Tunu akiona mtoto kakatwa na kigae anapiga kelele mtaa mzima usikie. Siku ile alinyamaza. Kwa nini? Sitaki kukaa bure, Bi Hija. Sitaki halua. Nataka kujua mwanangu alishindaje siku ile."

Bi Hija alitikisa kichwa polepole. "Na mtoto je? Ameulizwa?"

Akamwita Koku, akamkalisha mapajani pake, akamwuliza kwa upole anataka nini. Koku alimtazama mama yake kwanza, kuona kama inafaa kujibu.

"Nataka Mwanaasha anitazame," alisema.

"Akutazame tu?"

"Tucheze. Lakini kwanza anitazame."

Bi Hija alimtua mtoto, akajikokota mpaka jikoni kwa Tunu. Tekla aliwaona kwa mbali. Hakusikia maneno, ila alimwona Tunu akikataa kwa kichwa, tena na tena, huku Bi Hija akiuliza jambo lilelile. Mwisho Bi Hija alimshika bega na kumwacha.

"Kuna kitu anakijua," alimwambia Tekla. "Hataki kukisema. Nimembana kweli, kanikatalia. Na mie nimemheshimu kwa kunikatalia, maana nimeona halindi nafsi yake."

"Anamlinda nani?"

"Hilo mie nisikujibu kwa kubahatisha. Mumeo anarudi saa ngapi Jumamosi?"

*

Kamugisha alirudi adhuhuri, akiwa juu ya baiskeli yake. Tekla, aliyekuwa dirishani, alimwona Bi Hija akiinuka kwenye baraza ya jirani na kuivuka njia. Kamugisha aliteremka kwa heshima, akavua kofia. Maneno yalikuwa machache. Bi Hija alizungumza akiwa ameushika usukani wa baiskeli kwa mkono mmoja, na Tekla akaona jinsi mumewe alivyoutazama ule mkono juu ya usukani, uso ukambadilika kama mtu aliyetambuliwa barabarani. Kisha mama yule aliuachia, akaenda zake kwake, hakugeuka nyuma.

Alasiri nzima Kamugisha alikaa kitandani na viatu vyake. Jua lilipolegea alitoka uani, akawaita Mwinjuma na Tunu. Akamwita na Tekla. Alisimama mbele yao mikono imening'inia.

"Siku ile mimi nilirudi mchana," alisema.

Mwinjuma alikunja uso, hakuelewa.

"Nilikuja kula. Nilimkuta mtoto kwa Mama Mwanaasha, damu imeshuka hadi kwenye kidevu. Mama Mwanaasha aliushika usukani wa baiskeli yangu. Aliniambia, Baba Koku, mpakie mtoto mbele, twende hospitali sasa hivi, mie nitakimbia nyuma. Nikamwambia subiri. Nikamwambia, Bwana Mkubwa kanionya juzi kwa kuchelewa, nikichelewa tena ananifukuza, na nikienda kumwomba ruhusa atanitukana mbele ya makarani wenzangu. Nikamwambia mtie chochote, mlaze, jioni tutaona. Na nikamwambia..." Akamtazama Tekla. "Nikamwambia Mama Koku akirudi usimwambie kwamba nilikuja."

Tekla alimtazama mumewe. Kwanza ilimjia picha moja tu: mtoto wake amesimama uani, anatazama baba yake akipanda baiskeli na kwenda. Koku hakuwahi kusema neno. Labda naye aliambiwa asiseme.

"Ulinisimamisha barazani," alisema Tekla polepole, "nikapewa mkono wa huyu nimsamehe. Ukazungumza na habari za Liwali."

"Ndiyo."

"Wewe, Wilbert."

"Ndiyo. Mimi."

Akamgeukia Tunu. "Na wewe ukanyamaza! Mtaa mzima wamekuita muuaji wa jicho la mtoto, ukanyamaza!"

"Ningesema nini, Mama Koku?" Tunu aliinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile macho yao yalikutana. "Aibu ya mume wako niitoe mie kwa kinywa changu, barazani, mbele ya jamaa zenu? Halafu uingie naye chumba kimoja ulale naye vipi? Nikaona bora nichukiwe mie, mie ni jirani tu. Lakini usiniondolee lote. Ningeweza kumbeba mgongoni nikaenda naye kwa miguu. Nilimwachia mumeo kwa kuwa yeye ndiye baba. Kila siku najiuliza mbona sikumbeba."

"Kwa miguu mpaka mjini, na mtoto wako mchanga mgongoni?"

"Ningempata mtu wa kumshika. Ningepata njia."

"Mke wangu!" alisema Mwinjuma. "Mke wangu kainamishwa kichwa barazani kwangu, na mie nimesamehe kodi, nimempiga mwanangu kwa mkanda, na huyu amekaa na soksi zake ndefu anatuangalia!" Akamwendea Kamugisha. Kamugisha hakurudi nyuma wala hakuinua mkono. Alimngojea. Na kwa vile alivyomngojea, Mwinjuma alisita, akateremsha ngumi, akaenda kuegemea ukuta.

"Niambie la kufanya," alisema Kamugisha. Haikujulikana anamwambia nani.

"Lililosemwa barazani liondoshwe barazani," alisema Mwinjuma bila kugeuka. "Nyumba kwa nyumba. Kila aliyekula halua ile."

Kamugisha alikwenda. Jumapili, baada ya misa, na kaptula yake nyeupe, alianza kwa wazee wa mtaa, akamalizia kwa jamaa zake mwenyewe, na hao ndio walikuwa wagumu kuliko wote. Mmoja, Revelian, alimwambia amewachafua Wahaya wote wa Temeke. Kamugisha alimjibu, "Nimejichafua mimi. Mama Mwanaasha hana kosa mnalolijua. Waambieni na wake zenu." Bi Hija alimfuata nyuma kila nyumba, akakaa mlangoni. Mtu alipotaka kumpoza Kamugisha kwa maneno ya "basi, yamepita", Bi Hija alimkatiza, "Mwache amalize."

Na Jumatatu, siku ya Koku kwenda kusafishwa kidonda, Kamugisha hakumwachia mkewe safari. Alimpakia mtoto mbele ya baiskeli, akapitia kazini kwanza, akaingia kwa Bwana Mkubwa na mtoto mkononi, akaomba ruhusa. Alitukanwa, tena mbele ya makarani wenzake, kama alivyojua. Kisha akapewa ruhusa. Tekla alipata habari hizo kwa Koku, si kwa mumewe. Hazikumpoza. Ila alizisikiliza mpaka mwisho, na jioni hiyo alimtengea Kamugisha chakula, jambo ambalo siku mbili hizo hakulifanya.

*

Mwanaasha alikuja mwenyewe. Labda mama yake alizungumza naye, Tekla hakuuliza. Alisimama mlangoni pa chumba cha nyuma, mikono nyuma.

Koku alikiondoa kitambaa. Mwanaasha alitazama. Machozi yalimtoka, lakini hakuyageuza macho.

"Linatisha?" aliuliza Koku.

"Linatisha kidogo."

"Mama anasema litafunga, libaki kovu tu."

"Linauma?"

"Sasa haliumi. Linawasha."

Mwanaasha akaingia chumbani, akaziokota komwe zilizotawanyika sakafuni, akauliza zamu ya nani. Tekla aliyekuwa akishona alijitia hajasikia kitu, na sindano ikamchoma mara mbili.

*

Mwisho wa mwezi waliihama nyumba ile. Hawakufukuzwa. Mwinjuma alisema waziwazi kwamba chumba ni chao, na kodi aliikubali tena bila ubishi. Ni Tekla aliyetaka kuhama. Kila asubuhi alipofungua mlango aliuona ule mkungu, na moyo ukamrudi nyuma. Margareta aliwapatia chumba kizuri Kinondoni.

Mtaa ulizungumza. Walisema suluhu ya Bi Hija imevunjika, watu wametengana, na mume wa mtu kadhalilishwa mlango kwa mlango. Kile chama cha Kariakoo kilitunga na wimbo wa kumchamba, wakauimba kwenye ngoma yao wakizungushia kanga viunoni. Bi Hija alikuwa akiupenda ukubwa wake, na yaliyomfika yalimuuma, hakuyaficha. Hata hivyo siku ya kuhama alikuja mapema, akajifunga kibwebwe, akabeba sufuria kupeleka kwenye mkokoteni.

"Wanakucheka kwa ajili yetu," Tekla alimwambia.

"Wacha wacheke. Ile ya kwanza walinisifu, nayo ilikuwa uongo mtupu. Hii wananicheka." Akalifunga godoro kwa kamba, akavuta fundo kwa meno. "Mie nilidhani kazi ni watu wapeane mikono watu waone. Kupeana mikono ni rahisi, mkono hata ukiwa umekufa unashikika."

"Sasa sie tumepatana, Bi Hija, au hatujapatana?"

"Unaniuliza mie?"

"Wewe ndiye mpatanishi."

Bi Hija aliikaza kamba. "Mumeo umemsamehe?"

"Bado. Siku nyingine naona nimemsamehe, kisha anavaa soksi zake, inarudi."

"Basi sema bado, usimdanganye, na yeye asikuharakishe. Na Tunu? Ukikutana naye njiani, utavuka upande wa pili?"

Tekla alitazama kule alikokuwa Tunu, ambaye alikuwa akigombana na mwenye mkokoteni kwamba kitanda cha watu hakifungwi namna hiyo kitavunjika miguu.

"Sitavuka," alisema.

"Mie hilo lanitosha," alisema Bi Hija. "Kama wewe halikutoshi, niambie, nitarudi."

*

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza Tunu alipofika Kinondoni kwa mara ya kwanza, na Mwanaasha, na yule mdogo ambaye sasa anatambaa. Walikuwa wamelowa mpaka ndani. Tekla aliwapa kanga kavu, akawaweka karibu na moto. Alikuwa anapika ndizi za kwao na maharage, akatoka kidogo kwenda dukani kutafuta sukari ya chai.

Aliporudi alisimama mlangoni, akanusa.

"Tunu! Umetia nini humo?"

"Nazi."

"Nazi? Katika ndizi zangu?"

"Zilikuwa kavu, Mama Koku! Chakula gani kile, utadhani cha hospitali? Nimekuokoa na aibu."

"Nani kakuomba uniokoe? Chakula cha kwetu hakitiwi nazi! Baba Koku atakula nini?"

"Atakula hiki, na ataomba tena!"

"Toka jikoni kwangu!"

"Sitoki, mwiko ninao mie!"

Sauti zilitoka mpaka nje. Koku na Mwanaasha, waliokuwa wakikinga maji ya mvua kwa makopo chini ya paa, walichungulia, wakatazamana, wakacheka. Margareta alisikia kutoka chumba cha tatu. Alikijua kisa chote cha Temeke, na moyo ulimlipuka. Alikuja mbio, mtoto kiunoni, kanga imemfunguka nusu.

"Jamani, jamani! Tekla, tuliza hasira. Mama, tafadhali. Nimwite mtu? Aje yule Bi Hija awasikilize?"

Wanawake wawili wale walimgeukia pamoja, mmoja ameshika mwiko na mwingine ameishika sufuria kwa pindo la kanga.

"Asiitwe mtu, Margareta," alisema Tekla. "Rudi kwako. Huyu nagombana naye mwenyewe."